Kikapu cha vyuoni: tuna bonanza, hatuna msimu

Katika barza za kahawa za Mjini Unguja, jina la Hasheem Thabeet bado linatosha kuanzisha ubishi. Mmoja atakumbusha kwamba mwaka 2009 kijana huyo alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kufika huko, na kwamba James Harden alikuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Mwengine atacheka: wenzake hao wamefika wapi, na yeye kafika wapi? Msimu wake wa kwanza haujaisha, timu yake ya Memphis ilishampeleka ligi ya chini. Kahawa inakwisha, hukumu inatoka: kijana alifeli.

Mimi hukumu hiyo siikubali, na wala sisukumwi na uzalendo. Wanaompima Thabeet huanza kuhesabu siku aliyotoka chuoni. Miaka yake iliyo na la kutufundisha ni ile mitatu ya kabla, 2006 hadi 2009, alipokuwa mwanafunzi wa University of Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huyu alikuwa kijana wa Dar es Salaam, aliyepitia skuli ya sekondari ya Makongo, ambaye alianza kuushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameshacheza nusu ya maisha yao. Urefu wa futi 7 na inchi 3 alipewa na Mungu. Kusimama chini ya rimu bila ya kufanya madhambi, kusoma mpinzani anataka kugeukia wapi, kuruka kwa wakati badala ya kuruka kwa papara, hayo alifundishwa. Alifundishwa akafundishika: misimu miwili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East, na Machi 2009 timu yake iliingia nne bora za taifa.

Mwezi huohuo, tarehe 12, Connecticut walikutana na Syracuse katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza mara sita. Syracuse wakashinda pointi 127 kwa 117, saa saba ya usiku imeshapita. Wapenzi wa kikapu wa Marekani hadi leo wanausimulia mchezo ule kama wazee wetu wanavyosimulia mechi kubwa za Uwanja wa Amaan, na ndani yake alikuwemo kijana anayezungumza Kiswahili. Wengi wa waliokuwa uwanjani usiku ule hawakuwa na NBA mbele yao.

Ukweli huu ndio unaopotea tunapozungumza kikapu cha vyuo. Marekani ina zaidi ya timu 350 za wanaume katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo. NBA huchukua wachezaji wapya wasiozidi 60 kwa mwaka, tena kutoka dunia nzima. Kati ya wachezaji wa vyuo wanaofikia sifa za kuteuliwa, anayeteuliwa ni takriban mmoja katika kila mia. Kwa wengi wa waliobaki, chuo ndicho kituo chao cha mwisho cha kucheza kwa dhati. Baada ya hapo ni ualimu, benki, hospitali, biashara ya baba. Hapo kijana wa Connecticut na kijana wa vyuo vyetu vya Tunguu, hapa Unguja, wako sawa kabisa. Wa kwetu naye anajua kwamba akishavaa joho atakabiliwa na ajira na posa, na mpira utabaki wa jioni za mtaani. Tofauti iko katika yale yanayofanyika ndani ya miaka hiyo michache, na nani anayafanya.

Anayeyafanya ni kocha. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi.

John Wooden aliifundisha timu ya UCLA, chuo kikuu cha Marekani, hadi mwaka 1975, akatwaa ubingwa wa taifa mara 10 ndani ya miaka 12. Kabla ya umaarufu alikuwa mwalimu wa somo la Kiingereza katika skuli ya sekondari, na ualimu ule haukumtoka. Mazoezi ya kwanza ya kila msimu aliwakalisha vijana wake chini akawafundisha kuvaa soksi. Hawa walikuwa vijana bora wa nchi nzima, wengine lazima wainame kupita mlangoni, na bado wanaoneshwa namna ya kuvuta soksi isiache mkunjo kisiginoni, kisha namna ya kukaza kamba za viatu. Mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge anakosa mazoezi. Katika msimu wake wa mwisho wataalamu wawili wa saikolojia walikuwa wakihudhuria mazoezi yake na kurekodi kila alilosema na kulifanya. Waliorodhesha zaidi ya vitendo 2,000 vya kufundisha. Kiasi cha robo tatu vilibeba maelekezo: shika hivi, geuka huku, miguu iwe hapa. Sifa hazikufika asilimia 7. Karipio tupu nalo halikufika asilimia 7.

Nenda kiwanja chochote cha kikapu hapa Unguja jioni, kaa pembeni robo saa, uhesabu. Utasikia "Amka wewe!", utasikia "Cheza mpira!", utasikia "Unafanya nini?" na nyengine zisizoandikika. Kijana anatoka mazoezini anajua kwamba kakosea, ila hajui kakosea wapi. Simlaumu kocha huyo. Naye alilelewa hivyohivyo, na hakuna aliyempeleka kusomea. Lakini tuseme wazi kwamba kelele hizo si mafunzo.

Mwalimu wa pili ninayependa kumtaja ni Pat Summitt. Alikabidhiwa timu ya wanawake ya University of Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha yeye. Jezi alizifua yeye, na jezi zenyewe zilinunuliwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza donati. Anayejua namna timu zetu zinavyochangishana ili zipate mpira mmoja wa maana hatoshangaa. Alipostaafu mwaka 2012, baada ya misimu 38, alikuwa na ushindi wa michezo 1,098 na ubingwa wa taifa mara 8. Hizo ndizo namba zinazotajwa kila mahali. Mimi naishika nyengine: kila mchezaji aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza Tennessee chini ya Summitt aliondoka na shahada. Hakubakia hata mmoja. Mchezaji aliyekosa vipindi vya darasani hakucheza, awe nyota au asiwe.

Ukiwaweka hao wawili pamoja utaona kazi ya kocha wa chuo ni ya namna gani. Anapokea mtu wa miaka 18 au 19, anajua atakuwa naye miaka mitatu au minne, na anajua atamwachia. Kocha wa klabu ya kulipwa anaweza kumuuza mchezaji asiyefundishika. Kocha wa chuo hana pa kumpeleka, lazima amfundishe. Kwa hiyo nguvu yote ya mchezo wa vyuo imekaa kwenye jambo moja: kubaki pamoja kwa muda wa kutosha hadi mafunzo yaingie.

Ushahidi bora ninaoujua ni wa University of Virginia. Machi 2018 timu hiyo, chini ya kocha Tony Bennett, iliingia mashindano ya taifa ikiwa imepangwa namba moja kati ya timu zote 68. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa UMBC, chuo kutoka Maryland kilichopangwa namba 16, yaani ya mwisho, katika kundi lao. Tangu mashindano ya wanaume yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985, timu za namba moja zilikuwa zimekutana na za namba 16 mara 135, na zikashinda zote. Virginia wakafungwa 74 kwa 54. Wakawa kichekesho cha nchi. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya vijana walewale, Kyle Guy, Ty Jerome na wenzao, pamoja na De'Andre Hunter aliyekosa mchezo ule kwa kuvunjika mkono, walirudi na kocha wao yuleyule. Aprili 2019 wakawafunga Texas Tech 85 kwa 77 baada ya muda wa nyongeza, wakawa mabingwa. Ni nadra kwa kijana wa miaka 20 kupewa aibu mbele ya taifa zima kisha apewe mwaka mzima wa kuirekebisha, na watu walewale, chini ya mtu yuleyule.

Na sasa najiuliza kama kisa hicho kingewezekana leo. Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila ya kukaa nje msimu mzima kama zamani, na milango ikazidi kufunguka baadaye. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwagawia wanamichezo wao moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa masomo 2025-26. Tony Bennett hakuyangoja hayo ya mwisho. Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu kuanza, alijiuzulu, akieleza kwamba mazingira mapya yanataka mtu wa aina nyengine.

Sitaki nieleweke vibaya. Fedha hizo ni haki yao. Kwa miongo mingi makocha walilipwa mamilioni, na katika majimbo mengi kocha wa chuo ndiye mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote, akiwemo gavana, huku anayetoka jasho akiambiwa ufadhili wa masomo unamtosha. Dhulma ile ilihitaji kwisha. (Kwa vijana wetu wanaoota kufuata njia ya Thabeet: viza ya mwanafunzi ya Marekani inabana mno kufanya kazi ya kulipwa, kwa hiyo mchezaji kutoka Afrika amebaki kwa sehemu kubwa pembeni ya neema hiyo. Wasaka vipaji hawatawaambia.) Lakini haki ilipokuja, imekuja na gharama. Mchezaji anayeweza kuondoka kila Aprili hana sababu kubwa ya kuvumilia kufundishwa kuvaa soksi.

Sisi huku tumefika mahali palepale kwa njia ya kinyume. Wao, fedha inawaondoa watu mapema. Kwetu hawajawahi kuwekwa pamoja.

Tazama tulivyo. Zanzibar University na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wote wako Tunguu, majirani kabisa. Sumait University iko Chukwani. SUZA ina matawi mengine, likiwemo la Beit el Ras, na la Pemba liko Mchanga Mdogo. Wanafunzi wengi wa Unguja hawalali chuoni. Asubuhi wanapanda daladala, jioni wanarudi nyumbani kwao Mwanakwerekwe, Fuoni au Bububu. Muda wa kucheza, kwa mtu aliyesali Alasiri na anayeiwahi Magharibi, ni saa mbili au pungufu, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hakuna msimu wa kiangazi wa kutuongezea mwanga wa jua. Kiwanja kisichokuwa na taa kinafungwa na adhana. Mwezi wa Ramadhani mambo yanageuka, watu wanacheza baada ya Tarawehe hadi usiku mkubwa, na kwa maoni yangu kikapu bora cha mwaka mzima hapa kwetu huchezwa usiku wa mwezi huo.

Kijana wa aina hiyo alikuwa wa timu ya mtaani kabla hajawa wa chuo. Ligi ya chama cha mpira wa kikapu cha Zanzibar ndiyo inayompa mechi za maana. Timu ya chuo huzaliwa siku barua inapofika. Kuna mashindano, labda ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu vya Tanzania, huko Bara, labda bonanza la kuadhimisha jambo fulani. Wachezaji wanapigiwa simu. Jezi zinachapishwa, zenye jina la mdhamini kifuani. Mgeni rasmi anarusha mpira wa kwanza, kwa kawaida haufiki hata kwenye ubao, watu wanapiga makofi. Siku mbili tatu za mchezo, kombe, picha, posho kama ipo. Kisha kimya hadi barua nyengine, na kufikia hapo wa mwaka wa tatu wameshahitimu, na kocha aliyekuwepo hayupo. Omba uoneshwe matokeo ya timu ya chuo chochote ya miaka mitano nyuma, nani alifunga ngapi, nani alikuwa nahodha. Utaelekezwa kwa mtu, na mtu huyo atakuelekeza kwa mwengine.

Ajabu ni kwamba hata katika hali hiyo, mchezo unafanya kazi yake kwa waliomo. Mfikirie mwanafunzi kutoka Micheweni au Konde, kule Pemba, anayeingia Unguja kwa mara ya kwanza kuja kusoma, hana jamaa wa karibu Mjini. Timu ndiyo inayompa watu. Wenzake wa timu ndio wanaomwambia chumba cha bei nafuu kiko wapi Kwarara, wanaompa maandishi ya kipindi alichokosa, wanaompeleka Mnazi Mmoja akiumwa, na wanaokaa naye msibani akifiwa. Nimewaona watu wa makamo, wenye vyeo na vitambi, wakiitana majina ya uwanjani katikati ya Darajani, mmoja akimwita mwenziwe "nahodha" mbele ya wanawe. Undugu wa namna hiyo haupatikani darasani, ambako kila mtu anaangalia alama zake.

Na kocha wake? Mara nyingi ni mwalimu wa skuli, au askari wa moja ya vikosi vyetu, au mchezaji wa zamani aliyegoma kuondoka uwanjani. Nauli ni yake. Mpira, pengine ni wake. Jioni anayotumia hapo ingeweza kuwa ya kazi ya pili, na mkewe anamwambia hivyo. Anachokipata ni heshima ya kuitwa kocha hadi sokoni, na mzazi anayemsimamisha njiani kumwambia, "Kocha, huyu mtoto anakusikiliza wewe, sisi hatusikilizi." Kauli hiyo ni mzigo, na anaubeba.

Tumeizoea hali hiyo hadi tukaigeuza sifa. Kila hotuba ya kufunga mashindano huwashukuru makocha "kwa moyo wao wa kujitolea". Nimeanza kuichoka kauli hiyo. Kumsifu mtu kwa kujitolea ni njia rahisi sana ya kutomlipa, na asiyelipwa hawezi kuulizwa. Huwezi kumdai mpango wa mazoezi wa muhula mzima mtu anayekuja kwa hisani yake. Huwezi kumtaka ajue kwamba kijana fulani kafeli masomo mawili. Summitt alianza kwa malipo madogo, kweli, lakini alikuwa mwajiriwa wa chuo chake, na chuo kilikuwa na haki ya kumtaka hesabu.

Upande wa wanawake nitausemea kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapo tuna nafasi ambayo vyuo vingi vya dunia havina.

Kwa miaka mingi sheria za shirikisho la kikapu duniani, FIBA, hazikumruhusu mchezaji kufunika kichwa katika mashindano rasmi. Bilqis Abdul-Qaadir, msichana wa Kiislamu wa Springfield, Massachusetts, mji uleule ambao James Naismith alibuni mchezo huu mwaka 1891, alicheza kikapu cha vyuo kwanza Memphis, akamalizia Indiana State, akiwa amevaa hijabu, wa kwanza kufanya hivyo katika daraja la kwanza la vyuo Marekani. Chuoni hakuzuiliwa. Alipomaliza mwaka 2014 na kutaka kucheza kulipwa nje ya nchi, mlango ulifungwa kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Yeye na wengine walipaza sauti, na kuanzia Oktoba 2017 FIBA ikabadilisha sheria. Yeye mwenyewe hakunufaika kwa kucheza. Waliofuata ndio walionufaika, wakiwemo wasichana wa Zanzibar, kama tungekuwa tumewaandaa.

Kizuizi cha dunia kimeondoka. Vilivyobaki ni vya nyumbani kwetu, na kwa uoni wangu vingi vinatatulika bila ya kugombana na mzazi yeyote. Baba anayekataa binti yake kucheza mara nyingi hakatai mchezo. Anakataa kiwanja kilicho wazi barabarani, vijana wa kiume wamejaa pembeni, na kurudi baada ya Magharibi. Wapangie wasichana ukumbi wa ndani kwa saa zao maalumu, au ukuta na saa za mapema, na umpe timu kocha mwanamke, Bi fulani ambaye mzazi anaweza kumpigia simu na kumkabidhi mwanawe kama amana. Mazungumzo yatabadilika. Netiboli imechezwa na wanawake wetu miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyesema ni uasi. Anayeng'ang'ania kwamba dini ndiyo tatizo hajakaa na wazazi hao kuwasikiliza.

Hapa pia ndipo ninapoona kosa la kupima kikapu chetu cha vyuo kwa kipimo cha Thabeet, yaani nani ataonekana, nani atachukuliwa. Vyuo vyetu vinazalisha walimu. Msichana anayesomea ualimu Beit el Ras au Chukwani leo atapangiwa skuli Makunduchi, Mkokotoni, Wete au Mkoani, na huko atakuta watoto mamia na pengine rimu moja yenye kutu. Kama katika miaka yake mitatu amecheza chini ya mtu anayejua kufundisha, ataondoka na kitu cha kuwapa. Kama alichokijua ni bonanza, atawapa bonanza. Wooden alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya yote; sisi tuna mamia ya walimu wa sekondari wanaopita mikononi mwetu kila mwaka, na hatuwafundishi hata namna ya kumfundisha mtoto kurusha mpira kwa mkono mmoja.

Sitoi orodha ya mapendekezo; serikali ina mikakati ya kutosha ya michezo kwenye makabati. Nasema jambo moja tu, ambalo halihitaji uwanja mpya wala mfadhili. Vyuo vya Unguja vicheze ligi yao wenyewe, nyumbani na ugenini, muhula mzima, mechi moja kwa wiki kwa wanaume na moja kwa wanawake. Kutoka Chukwani hadi Tunguu ni safari ya daladala. Zanzibar University na SUZA wanaweza kutembea kwa miguu kwenda kuchapana. Na fedha ya jezi mpya za kila bonanza, pamoja na ya keki na ya mabango yenye picha ya mgeni rasmi, alipwe kocha mmoja wa kila timu kwa mkataba wa miaka mitatu, mkataba unaosema atafundisha nini, ataandika nini, na wachezaji wangapi anatarajiwa kuwafikisha kwenye shahada. Jezi za mwaka jana zinafulika.

Nitaambiwa kwamba kwanza tujenge kumbi. Kumbi ni jambo jema, na ukumbi wa wasichana nimeshauombea hapo juu. Lakini tunavyo viwanja vya saruji ambavyo vimejaa vijana kila jioni bila ya mtu wa kuwafundisha, na sijaona ushahidi kwamba paa litaleta mwalimu. Nitaambiwa pia kwamba wanafunzi hawana muda, wana mitihani. Wanao muda. Wanautumia kwenye timu za mitaani, kwa sababu huko kuna mechi kila wiki na kuna mtu anayewasubiri.

Pemba ni suala gumu zaidi, nalikubali. Tawi la Mchanga Mdogo haliwezi kuvuka bahari kila wiki. Suluhisho linalotajwa kila mara ni kuwaleta Unguja mara moja kwa mwaka, wafikie kwenye dahalia, wacheze mbili wakiwa bado na kizunguzungu cha boti, warudi. Afadhali nauli hiyo wapewe wao wenyewe huko, waajiri kocha wao, na wacheze na skuli za Wete na Chake na timu za mitaani za Gombani mwaka mzima. Mwaka wa pili ndipo waje Unguja. Wakija kabla ya hapo tutakuwa tumeandaa bonanza jengine tu, safari hii lenye gharama ya boti.